Mtu Aliyekataa Desemba

Ukutani kwangu, upande unaotazama barabara, kuna alama ya X nyekundu yenye ukubwa wa mlango. Wageni wakiiona hunipa pole. Huwa nawaambia pole wabaki nayo, wanipe hongera, maana kijiji chetu kiliomba barabara tangu mimi ni msichana wa kwaya, na siku maendeleo yalipotusikia yalikuja kwa kasi mpaka yakataka kupitia sebuleni. Nyumba bado imesimama. Angalau asubuhi hii ilikuwa imesimama. Ili nieleze kwa nini ilipigwa X, na kwa nini haijabomolewa, lazima nimweleze jirani yangu wa upande wa juu, ambaye kijiji kizima tulimwita Mzee wa Mipango.

Si mipango ile ya vijana wa stendi. Huyu alipanga barabara na reli za nchi. Alifanya kazi hiyo Dar es Salaam mpaka akastaafu: kuinamia ramani, kuamua lami ianzie wapi na iishie wapi, kisha kuandika maandiko marefu ya kuomba mikopo kwenye mabenki makubwa ya nje, ambayo nayo yalituma wataalamu kuja kumuuliza maswali aliyokwisha kuyajibu kwenye andiko. Kuna mikoa watu wanatembea kwenye lami mpaka mlangoni kwao kwa sababu ya sahihi yake. Lami yake mwenyewe iliishia sokoni, kwenye kona ya duka la dawa za mifugo. Kuanzia hapo mpaka kwake, na kwangu, ni kilomita sita za udongo ambao kiangazi huingia kwenye chai, na masika humvua mtu kiatu bila kumwomba ruhusa.

Mimi nafuga ng'ombe wawili, na maziwa yangu yanatakiwa yafike kwenye kituo cha kukusanyia kule sokoni kabla jua halijawa kali. Masika gari la maziwa halipandi. Basi miaka mingi ya maisha yangu nimeshusha ndoo kichwani, na siku nilizochelewa nimerudi nayo, tukanywa mtindi mpaka watoto wakaapa wakikua watahamia mahali pasipo na ng'ombe. Wametimiza kiapo. Kwa hiyo ninaposema nilikuwa na neno na Mzee wa Mipango, halikuwa neno la wivu. Lilikuwa neno la mgongo na shingo.

Viatu vyake ndivyo vilivyoniudhi kwanza. Alikuwa na jozi moja nyeusi, iliyokuwa ikibadilishwa soli kila baada ya muda na fundi wa mtaa wa Majengo mjini, na iling'aa hivi kwamba ungeweza kujitazama meno. Akija likizo alishuka na gari mpaka kwenye duka la dawa za mifugo. Pale alivua viatu, akavifunga kwenye gazeti, akavaa mabuti ya mpira aliyoyaacha nyuma ya magunia ya pumba, akapanda mlima. Akirudi alifanya kinyume chake. Kwenye lami alikuwa ofisa, kwenye tope alikuwa mwenzetu, na hakuwahi kuchanganya. Mwenye duka alikuwa akisema huyu ndiye mtu pekee nchini mwenye kituo cha forodha cha miguu.

Watu walimsema. Nani asingemsema? Mtoto wenu yuko jikoni, ninyi mnalala njaa. Wenzetu wa vijiji vingine walikuwa na mtu mmoja tu wizarani, tena wa kufungua geti, na bado waliletewa greda kila mwaka. Sisi tulikuwa na mwenye kalamu. Wazee walimfuata na mbuzi, akamrudisha mbuzi kwa mkono wake, tena akamshikilia kamba kwa uangalifu, kama mali ya umma. Akawaambia, "Wazee wangu, namba zenu hazijafika." Wakaondoka wakiulizana namba gani, na wakazitume kwa nani.

Namba zilikuwa dini yake ya pili, na nina wasiwasi kuhusu ya kwanza. Ibadani alikaa kiti kilekile, akaimba sauti ya nne bila kukosea, lakini mahubiri yakipita dakika alizoyawekea utaona anachomoa saa. Kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, pale ambapo watu wazima hushindana kwa furaha kununua kuku mmoja kwa bei ya mbuzi ili kanisa lipate, yeye alitaja bei ya kuku sokoni, akaketi. Mchungaji akamtania, "Mzee, ongeza kidogo, ni kwa Bwana." Akajibu, "Bwana anajua bei ya kuku." Kanisa zima lilicheka, na yeye akashangaa tunacheka nini.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo nampa. Jumapili mchana, pale panapouzwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, alikunywa kibuyu kimoja tu na alieleza mambo ya dola kwa lugha ya ndizi. Mtu mmoja alimuuliza mkopo wa masharti nafuu ni kitu gani. Akainua kibuyu.

"Hii mbege unakunywa wewe leo. Ulezi wake atalipa mjukuu wako."

"Na mjukuu akikataa?"

"Hajazaliwa. Atakataaje?"

"Kumbe ndiyo maana ni nafuu," yule mtu akasema, na Mzee wa Mipango akatikisa kichwa taratibu, akasema ameisoma mikataba mingi lakini hakuna ulioeleza vizuri hivyo.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeikopea nchi nzima hakuweza kuazima hata chumvi. Nyumba yake aliijenga kwa awamu, kwa mshahara wake, na awamu ya kwanza ilikuwa vyumba viwili na baraza. Awamu ya pili ilibaki nondo zilizosimama juu ya ukuta zikiota kutu, zikingoja ghorofa. Jiko lilikuwa la muda, la mabanzi, na liliendelea kuwa la muda mpaka mke wake akafariki akiwa bado anapikia humo. Tukimuuliza vipi kuhusu ghorofa, alijibu kwa uso mkavu, "Fedha za awamu ya pili zinatafutwa." Benki ya mjini ingempa mkopo akiwa amelala. Alisema mkopo wa mtu mmoja hauna mjukuu wa kutosha.

Reli ilikuwa ugonjwa wake mwingine. Kwenye kabati lake la vitabu kulikuwa na vitabu vinne vinene vya upembuzi yakinifu wa reli mpya ya ukanda wetu huu. Upembuzi yakinifu, kwa asiyejua, ni utafiti wa kujua kama jambo linafaa kufanyika. Cha pili kilianza kwa kueleza kwamba cha kwanza kimepitwa na wakati. Cha tatu kilisema hivyo kuhusu cha pili. Nilimuuliza cha nne kinasemaje. Akasema kinapendekeza kifanyike cha tano, kwa kina zaidi. Nikamwambia vitabu hivyo vingelazwa chini kimoja baada ya kingine, labda treni ingeshafika Arusha. Hakukasirika. Alipima unene wa kimoja kwa vidole, akasema hapana, isingefika hata nje ya stesheni.

Lakini siku treni ya abiria iliporudi Moshi, baada ya ile miaka mingi ambayo reli ililala majani yakaota katikati ya mataruma, alishuka asubuhi na viatu vyake kwenye gazeti, akaenda stesheni. Hakuwa na tiketi, wala hakuwa akimpokea mtu. Alisimama na daftari, akihesabu wanaoshuka: wenye mabegi, wenye watoto, wenye kuku. Nilikuwa mjini siku hiyo kununua pumba, nikamkuta stendi jioni anarudi. Macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, akasema ni vumbi la behewa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mji mzima ulikuwa tope, lakini nilimwachia vumbi lake.

Sasa nifike kwenye Desemba.

Asiyetufahamu aelewe kwamba Mchaga anaweza kuishi popote duniani miezi kumi na moja, ila Krismasi harudi kwake tu, anarudi na gari. Wiki ya mwisho ya Desemba njia yetu hujaa magari ambayo hayajawahi kuona tope: ya Dar, ya Mwanza, ya Nairobi kupitia mpaka wa Tarakea, mengine ya kukodi ili mtu aonekane. Yanaibana migomba, yanapigiana honi kwenye kona ya kanisa, watu wanashuka kusukuma wakiwa na suti. Halafu Januari yanatoweka, na tunabaki na matairi mawili matatu ya wale tuliozaliwa bila akili ya kuondoka.

Zamani, Mzee wa Mipango akiwa bado wizarani, ikasikika kwamba barabara za vijijini zitapimwa ili zipewe lami, na kwamba makarani watakaa kando ya kila njia kuhesabu magari. Wazee wakafurahi. Walimsubiri alipokuja kwenye msiba, wakamzunguka nyuma ya migomba, wakamwomba jambo moja dogo: makarani waje Desemba.

"Desemba hapana," akasema.

"Mbe, bwana wetu, mbona hapana? Magari si ni ya kweli? Si yana namba?"

"Ni ya kweli. Lakini Desemba si mwezi, wazee wangu. Desemba ni homa. Mgonjwa hapimwi uzito akiwa amevimba."

Makarani wakaja mwezi wa kawaida, wawili, na viti vya kukunja na fomu. Na hapa ndipo lazima niwaseme watu wangu, mimi nikiwemo, kwa sababu tulifanya kosa ambalo sidhani kabila lingine lingeliweza. Mgeni anakuja kuitazama njia yako, wewe unafanyaje? Unamheshimu. Tuliamka siku mbili kabla, kila ukoo ukapewa kipande chake, tukaziba mashimo yote kwa mawe na udongo, tukafagia, tukamwagia maji lisitimke vumbi. Tukasimamisha migomba na maua pande zote mbili. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo akapiga marufuku gari au pikipiki kupita, lisiharibu kazi, mpaka wageni waondoke. Sisi wa kwaya tukasimama na sare zetu. Makarani walikaa kwenye viti vyao siku nzima, wakala ndizi na nyama, wakaimbiwa mafungu manne, wakahesabu.

Matokeo yalikuja baada ya muda mrefu, yakisema kwamba barabara iko katika hali nzuri sana na haitumiwi na gari lolote.

Alijua. Hilo ndilo lililoniuma miaka yote. Karatasi ilipita mezani kwake, akaliona jina la kijiji chake, akaliona sifuri, na akajua kabisa ile sifuri imetoka wapi, maana barua za nyumbani zilimweleza mpaka rangi ya sare zetu. Angeweza kuandika "warudie." Angeweza kuongeza mbili tatu. Aliweka mhuri. Marehemu mume wangu alimsimamisha njiani akamuuliza kwa nini, na akajibu, "Nikiongeza moja kwetu, nitaongeza ngapi kwingine?" Mume wangu hakumsalimia kwa miaka miwili. Mimi nilimsalimia, kwa sababu nilitaka aone ndoo niliyobeba.

Mzee wa Mipango alizikwa mwaka jana, katikati ya mwezi wa kawaida kabisa. Magari yalikuwa machache. Sidhani kama angetaka vinginevyo.

Lakini nirudi nyuma. Alipostaafu alirudi moja kwa moja, na tukadhani sasa angalau atatusaidia kama raia. Tulikuwa tumeunda kamati ya barabara. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na sina aibu. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mchangamfu mwenye pikipiki tatu za biashara na kibanda cha kuuza petroli kwenye chupa, kwa hiyo mapenzi yake kwa barabara yalikuwa ya dhati. Tulimwomba Mzee wa Mipango awe mshauri. Akakataa, eti yeye ni mnufaika. Nikamwambia, kwa jina la heshima tunalowaitia wazee wetu, "Meku, sisi wote ni wanufaika, ndiyo maana ni kamati." Akasema ndiyo maana kamati hazifai.

Basi tukasonga bila yeye, na baada ya barua zangu nyingi ofisi ikakubali. Kungekuwa na hesabu mpya. Mwezi wa kawaida tena, lakini safari hii tulikuwa tumeelimika. Mwenyekiti alikusanya bodaboda wote wa kata, akajaza matangi, akawapa kazi ya kupanda na kushuka kutwa nzima. Wengine walivaa kofia tofauti kila mzunguko. Lori moja la mawe lilipanda na mawe likashuka na mawe yaleyale, mara sita. Nilijua. Nilikuwa katibu, niliandika orodha ya zamu kwa mkono wangu huu unaosomeka. Mchana nilipita mbele ya baraza la Mzee wa Mipango, alikuwa amekaa na fimbo yake akitazama.

"Katibu," akaniita, "mmeanza kufuga pikipiki?"

"Ni maendeleo, meku."

"Yule mwenye koti la njano amepita mara kumi na nne. Maendeleo yake yana haraka."

Nilicheka kwa dharau, nikaendelea na safari. Siku ile nilijiona mjanja kuliko wizara nzima.

Wataalamu walizisoma namba zetu na kuziamini. Wakasema njia yenye msongamano kama huu haiwezi kupewa barabara ndogo ya kijiji. Lazima iwe pana, njia mbili, mabega, mitaro mikubwa, na hifadhi ya barabara kila upande. Wakaja vijana na vigingi na kopo la rangi. Nyumba zote za kando zikapigwa X. Kibanda cha petroli cha Mwenyekiti kilipigwa X mbili, sijui kwa nini. Kwangu X ikakaa ukutani, na kigingi kikapigwa ndani ya kihamba changu, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba, hatua mbili kutoka msalaba wa mume wangu. Nikamuuliza kijana, na fidia? Akanitazama kwa huruma, akasema itategemea kama ni barabara iliyonifuata au ni mimi niliyeifuata barabara. Nikamwambia migomba ile ilipandwa na bibi wa mume wangu, wakati hiyo unayoiita barabara ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda majini. Akaniuliza kama nina hati ya ng'ombe hao.

Mwenyekiti aliitisha kikao. Akasema nyumba chache zikienda na barabara ikaja, kijiji kimeshinda. Kibanda chake, alisema, kinahamishika. Watu wakapiga makofi, hasa wale wa ndani ambao hawakupakwa rangi. Nilikaa pale nikiwa na daftari la mihtasari, nikayaandika yale makofi. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya kuzika. Nikiwa kimya, napoteza nyumba na kaburi. Nikisema kweli, barabara niliyoililia tangu usichana inaweza kufutwa mara ya pili, na safari hii itakuwa imefutwa na mimi.

Nikapanda kwa Mzee wa Mipango. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule. Miguu ilimvimba, na viatu vyeusi vilikaa chini ya kiti vikiwa safi bila kazi.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba, Katibu. Karibu. Nyumba yako imependeza rangi."

Nililia. Sikukusudia, lakini nililia mbele ya mtu ambaye sikumpenda, nikamweleza mambo ya orodha ya zamu, kofia, mawe, yote. Hakuniambia "nilikwambia." Alinisubiri nimalize, akasema, "Ukiita barabara kwa namba kubwa, itakuja kubwa. Haijui kama ulikuwa unatania."

"Waandikie wewe. Wewe watakuamini."

"Niwaandikie nini? Kwamba namba yenu ni ya uongo? Watauliza ya kweli ni ngapi. Ya kweli ni ngapi, Katibu?"

Sikujua. Nilikaa pale na ukatibu wangu wote, nikagundua kwamba katika miaka yote ya kuomba, kulaumu na kuimba, hakuna mtu aliyewahi kukaa kando ya njia yetu siku ya kawaida na kuhesabu. Waliokuja mara ya kwanza walihesabu heshima zetu, na waliokuja mara ya pili walihesabu petroli ya Mwenyekiti.

Matokeo nitayasema hapahapa, msomaji asikae roho juu. Barua yangu ya kukiri ilipofika, ofisi ilinung'unika, ikatuma watu kuhesabu upya kwa siri, ikaipunguza barabara. Sasa, kwenye karatasi, ni nyembamba, na zege kwenye miinuko mikali tu. Kigingi kiling'olewa kihambani, kikasogea mpaka mtaroni. X haikufutwa, kwa sababu mkataba wa wapaka rangi haukuwa na kipengele cha kufuta. Fedha za ujenzi zinatafutwa. Mwenyekiti haniamkii, na nusu ya kijiji wanasema nimewanyima lami. Maziwa bado nashusha kichwani, lakini naamka kwangu. Haya yote yalikuja baadaye, na Mzee wa Mipango mengine hakuyaona. Ninayotaka kumalizia ni ile siku tuliyokaa wawili kuitafuta namba ya kweli.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko. Nilimshika mkono mpaka kwenye kona ya kanisa, nikamwekea kiti na blanketi la miguu. Alikuwa amechora fomu kwa rula, kwa kumbukumbu, ileile ya wizara: magari madogo, malori, mabasi, pikipiki, baiskeli. Tukaanza alfajiri. Pikipiki moja. Baadaye nyingine. Gari la mchungaji. Kimya kirefu. Na katika kimya hicho, mbele yetu, walipita wanawake. Mikungu kichwani, ndoo za maziwa, majani ya ng'ombe, mmoja na mtoto mgongoni na debe la maparachichi kichwani. Walitusalimia, tukaitikia, wakapita. Kalamu yake haikusogea.

"Meku, na hawa?"

"Hawa kina nani?"

"Hawa wanaopita."

Akatazama fomu kana kwamba ingemjibu. "Hawana safu."

"Kwa nini hawana safu?"

"Hawaharibu lami."

"Meku, hakuna lami."

Nilichukua rula na kalamu mkononi mwake, nikachora safu pembeni, nikaandika juu yake: kwa miguu. Nikamrudishia kalamu. Kikundi kingine kikatokea kwenye kona, na akaanza kupiga vistari. Kufika saa nne safu ile ilikuwa imejaa. Saa sita tukageuza karatasi nyuma. Safu za magari zilibaki nyeupe karibu zote, na yeye alikuwa akipiga vistari vya miguu bila kuinua kichwa.

"Hii fomu aliitunga nani?" nikauliza.

"Kamati."

"Ya nani?"

"Mimi nilikuwa mwenyekiti." Akapiga vistari vitatu. "Kuna kijana mmoja aliuliza kuhusu watembea kwa miguu. Ilikuwa inakaribia saa ya chakula. Nilisema hoja imepokelewa."

Mchana wale wanawake wakaanza kupanda, mikungu imekwisha, wamebeba chumvi na sabuni na mafuta. Tukawahesabu tena. Mmoja alikuwa mtu mzima sana, alisimama kupumzika karibu nasi, akajifuta jasho, akaenda. Mzee wa Mipango alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Marehemu mke wangu alipita hapa kila siku ya soko," akasema. "Jumanne na Ijumaa. Miaka yote niliyokuwa wizarani. Wale makarani wa kwanza walikuja siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi alipita mbele yao."

"Alipita, meku. Nilikuwa kwenye kwaya. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia asubiri wageni, akasema ndizi zikiiva hazisubiri mgeni. Tulimpisha katikati ya wimbo."

Jua lilikuwa limeanza kupungua na nilikuwa nimeshatoa barua kwenye mfuko, ile ya kukiri, yenye jina langu chini na nafasi ya sahihi. Nilitaka ajumlishe ili tuambatishe fomu. Badala yake alishusha kalamu kwenye safu niliyoichora, mwisho kabisa, akapiga kistari kimoja. Barabarani hapakuwa na mtu.

"Meku," nikamwambia polepole, "huyo hajapita leo."

"Najua."

Nilimtazama mtu yule aliyeikataa Desemba, aliyerudisha mbuzi, aliyeweka mhuri kwenye sifuri ya kwao. Akanisukumia karatasi.

"Jumlisha, Katibu."

Nikajumlisha pamoja na kile kistari, nikasaini barua.